Barua pepe inasema nimelipwa dola 610, ila hela siioni. Nimtumie wakala laki nne?

"Shikamoo mama. Mimi na mjomba wangu tunatengeneza ala za muziki, ilimba na zeze, wilaya ya Chamwino. Mwezi uliopita mtu aliyesema yuko Kanada aliona picha zetu mtandaoni, akaagiza ilimba tano kwa dola 90 kila moja. Akasema atalipa kwa PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni. Juzi ikaja barua pepe yenye nembo ya PayPal: umelipwa dola 610, ila fedha zimezuiliwa kwa sababu akaunti yako ni ya kawaida, siyo ya biashara. Zile dola 160 za juu mteja ameongeza ili nimlipe wakala wa kupandisha akaunti. Nikishatuma laki nne kwenye namba ya simu waliyonipa na kuwarudishia picha ya muamala, dola zote zinaachiwa. Nilibofya kitufe cha kuthibitisha, nikaweka barua pepe, nenosiri na namba za kadi yangu ya benki. Ikaja namba ya uthibitisho kwenye simu, lakini bando likaisha kabla sijaiweka. Barua haina kosa hata moja la lugha, na ukurasa ulikuwa na alama ya kufuli. Mjomba anasema tukope kwenye kikoba, tukichelewa mteja ataondoka. Je, ni ya kweli?"

Marahaba mwanangu. Hakuna dola 610. Usitume laki nne, na mwambie mjomba kikoba kisiguswe. Bando kuisha kulikuokoa kwenye hatua moja tu, kwa sababu namba za kadi na nenosiri wanazo tayari. Kwa hiyo kabla hujasoma maelezo yangu yote, fanya mambo mawili.

La kwanza, piga simu benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, siyo namba utakayoikuta kwenye barua ile wala utakayoitafuta haraka haraka mtandaoni. Sema hivi: nimeweka namba za kadi yangu kwenye ukurasa wa matapeli, naomba kadi ifungwe sasa hivi. Usianze kwa kuuliza salio. Wengi huuliza salio, wakisikia hela ipo wanapumua na kukata simu. Hela kuwepo leo hakumaanishi kitu, maana namba za kadi zilizoibwa huweza kukaa wiki kadhaa, wakati mwingine zikauzwa kwa mtu mwingine kabla ya kutumika. Kadi mpya itakugharimu ada kidogo na safari moja ya tawini. Ilipe.

La pili ni nenosiri. Ingia PayPal kwa kuandika anwani mwenyewe au kwa programu yao uliyonayo kwenye simu, ubadilishe nenosiri. Halafu jiulize kwa ukweli kama nenosiri hilo hilo ndilo unalotumia kwenye barua pepe yako. Watu wengi ninaowahudumia hapa Dodoma wana nenosiri moja la kila kitu, mara nyingi jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Kama na wewe ni hivyo, barua pepe ndiyo ya kukimbilia hata kabla ya PayPal. Aliyeingia kwenye barua pepe yako anaweza kwenda kwenye akaunti yako yoyote akabofya "nimesahau nenosiri", na barua ya kuweka jipya itamfikia yeye. Ukishabadilisha, fungua mipangilio ya usalama uone vifaa vilivyoingia, uvitoe vyote, kisha hakikisha hakuna namba ya simu usiyoijua wala anwani ya mtu ambayo barua zako zinapelekwa kimyakimya. Hapo pa mwisho ndipo wengi wanapopasahau. Wanabadilisha nenosiri, wanaridhika, kumbe nakala ya kila barua inaendelea kwenda kwa mwizi.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe.

Nadhani unawajua mawakala wa pale Soko la Majengo. Mteja akija na kusema "nimeshakutumia, angalia meseji", wakala mzoefu hasomi meseji. Anafungua menyu, anaangalia salio. Alishaumwa na meseji za "Umepokea Tsh..." zilizoandikwa na mtu tu kwa simu yake, zenye jina, kiasi, saa na namba ya muamala, kila kitu mahali pake. Meseji ni maneno na salio ndilo hela, na kwa simu sote tulishalielewa hilo. Ajabu ni kwamba likija suala hilo hilo kwa barua pepe, kwa Kiingereza kizuri na nembo ya bluu, tunarudi kuamini maneno. Barua uliyopata haitofautiani na ile "hela itume kwenye namba hii" isipokuwa imevaa koti.

Ngoja nikueleze kwa nini barua pepe inaweza kuvaa koti la mtu yeyote. Kanuni za kusafirisha barua pepe zinazotumika hadi leo zina mizizi yake mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na watafiti wachache walioaminiana. Hazikuweka hatua ya kumuuliza mtumaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Chukua bahasha ya karatasi: ukiandika nyuma yake "Ikulu, Chamwino" na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta, itafika na jina hilo hilo, maana kazi ya posta ni kuangalia inakokwenda. Jina la mtumaji unaloliona juu ya barua pepe linaandikwa na mtumaji mwenyewe. Anaweza kuandika PayPal, anaweza kuandika jina lako.

Baadaye zikaongezwa kinga, ambazo sisi wa kazi hii ya usalama wa mtandao tunaziita SPF, DKIM na DMARC. Zinasaidia kweli. Zinamzuia tapeli asitumie anwani yenyewe ya kampuni iliyozifunga vizuri. Lakini hazimzuii kusajili anwani yake, kuifungia kinga zote hizo hizo, kisha kuandika PayPal sehemu ya jina. Barua kama hiyo inapita ukaguzi wote bila doa, kwa sababu kinachokaguliwa ni kama imetoka kwenye anwani inayodai kutoka. Haikaguliwi kama mwenye anwani ni mkweli.

Kwenye simu mara nyingi anwani yenyewe imefichwa. Gusa jina la mtumaji, ibonyeze, utaiona. Kisha isome kutoka nyuma, kama tunavyomtambua mtu kwa ukoo wake. Kinachomiliki ni maneno mawili ya mwisho yanayotenganishwa na nukta: anwani ambayo mawili hayo ni paypal na com, bila nyongeza, ni ya PayPal, lakini inayoishia na paypal.jinalolote.com ni ya huyo jinalolote, na neno paypal pale mbele ni urembo tu. Kwa anwani zetu za nyumbani soma matatu ya mwisho, maana nyingi zinaishia na .co.tz, na za serikali na .go.tz. Linki nazo zisome hivyo hivyo, ila ishia kwenye mkwaju (/) wa kwanza unaokuja baada ya ile https:// ya mwanzo. Kinachofuata baada ya mkwaju huo mtu anaweza kuandika atakavyo.

Umetaja vitu viwili vilivyokupa imani, na vyote viwili vinatokana na mafundisho yetu sisi wataalamu, kwa hiyo nina wajibu wa kuvisahihisha. Kwa miaka mingi tuliwaambia watu watafute makosa ya lugha. Ushauri huo ufe. Siku hizi programu za kuandika zinampa mtu asiyejua lugha barua safi kabisa, na Kiswahili nacho kimo. Barua kuwa na makosa bado ni dalili mbaya, lakini kukosa makosa hakuthibitishi chochote. Kufuli nalo linamaanisha kwamba njia kati ya simu yako na ukurasa ule imefumbwa, hakuna wa katikati anayechungulia. Halisemi ni nani anayekaa upande wa pili. Cheti kinacholeta kufuli hilo kinapatikana bure na kwa dakika chache, hasa tangu huduma ya Let's Encrypt ilipoanza mwaka 2015, na matapeli wanakichukua kama wengine. Ulichokiandika kilikwenda kwa usalama kabisa, mikononi mwa mwizi.

Ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako nayo nataka uielewe vizuri, kwa sababu hapo ndipo watu wanaojiona waangalifu wanapopotea. Yaelekea ilikuwa halisi kabisa. Kurasa za siku hizi hazikusanyi tu unachoandika, zinakipitisha. Unapoandika nenosiri kwenye ukurasa wa bandia, mashine yao inaliingiza papo hapo kwenye tovuti ya kweli, au namba za kadi zinatumika kujaribu malipo. Tovuti ya kweli au benki inatuma namba kwako, wewe unaona imetoka kunakoeleweka, unaiandika kwenye ukurasa wa bandia, nayo inapitishwa vile vile. Kwa hiyo namba kutoka benki yako haikuthibitishii ukurasa uliokuwa umeufungua. Soma maneno yaliyokuja nayo, mara nyingi yanasema inatumika kufanya nini na kwa kiasi gani. Kama huyaelewi, namba ikae hapo hapo ilipo.

Kuna jambo moja gumu zaidi. Ipo aina ya utapeli ambamo barua inatoka PayPal kweli. Tapeli anafungua akaunti, anatumia huduma yao ya kutuma ankara, na sehemu ya maelezo anaandika "akaunti yako imeshambuliwa, piga namba hii". PayPal inaituma kwa anwani yake halisi na ukaguzi wote unapita. Ukisoma anwani kutoka nyuma kama nilivyokufundisha, utaikuta sahihi. Ndiyo maana sitaki utegemee ukaguzi wa barua. Ukaguzi ni wa kuongeza tu. Kinachokulinda ni kuiacha barua ilipo, kufungua akaunti yako kwa njia yako mwenyewe, na kuangalia kama muamala upo. Kama haupo mle ndani, haupo popote.

Uongo huu umekuwa na nguvu kwa sababu umejengwa juu ya mambo ya kweli. Ni kweli PayPal wana akaunti za binafsi na za biashara, lakini kubadilisha kutoka ya binafsi kwenda ya biashara ni bure. Ni kweli pia huwa wanazuia malipo ya muuzaji, hasa mgeni, hata hadi siku 21. Ila malipo yaliyozuiliwa unayaona ndani ya akaunti yako, na sababu imeandikwa humo. Hakuna hata mara moja ambapo hela yako inaachiwa kwa wewe kumtumia mtu mwingine hela kwenye namba ya simu. Ukikutana na sharti hilo, kwa jina lolote, ada, kodi, wakala au usafirishaji, hutahitaji kuuliza swali jingine.

Angalia na hizo dola 160. Kwa nini mteja akuongezee? Kwa sababu akikuomba laki nne zako ungekataa, lakini akikufanya uamini ni zake umezishika tu, unaona aibu kutozirudisha. Matapeli wanautumia uaminifu wako. Zake ni herufi kwenye barua, zako zingekuwa shilingi, na zikishafika kwenye namba ile zinatolewa kwa wakala dakika chache baadaye. Na kama ungesafirisha ilimba kabla hujagundua, nazo zingekwenda.

Nisikuache ukidhani wewe ni mjinga. Nafanya kazi hii kwa miaka mingi, na kuna wakati nilikuwa nasubiri malipo ya mafunzo niliyoyatoa, yamechelewa, ada ya mtoto inadaiwa. Nikiwa kwenye foleni pale stendi ya Nzuguni ikaja barua: "Malipo yako yameshindikana, thibitisha." Niliibofya na kuanza kuandika nenosiri kabla macho hayajafika kwenye anwani. Nilichokuwa nacho siku ile ni kusubiri, na wewe ulichokuwa nacho ni kusubiri. Tapeli anatuma barua maelfu kwa maelfu akijua wapo wanaosubiri. Kwako wewe alikwenda mbali zaidi, aliuumba mwenyewe huo usubirifu kwa kuagiza ilimba tano.

Kuhusu njia ya kulipwa na wateja wa nje, nitakuwa mkweli: hakuna isiyo na gharama. Huduma kama PayPal hazifanani kila nchi, ziko nchi ambako mtu anaruhusiwa kulipa lakini siyo kupokea. Usimuahidi mteja njia yoyote kabla hujaingia mwenyewe na kuona kuwa akaunti ya Tanzania inapokea na kutoa. Malipo ya benki kwa benki kupitia SWIFT yanachukua siku kadhaa, na makato yake yanauma kwa kiasi kidogo kama dola 90, lakini kwa oda ya dola 450 yanabebeka, na unathibitisha kwa kwenda tawini. Western Union na MoneyGram zina faida kwamba unapewa namba, unaipeleka dirishani, hela ipo au haipo. Ila uichukue kwanza, usisafirishe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya risiti. Zipo pia huduma za kutuma kutoka nje moja kwa moja hadi kwenye M-Pesa na mitandao mingine, nazo unazithibitisha kama wakala wa Majengo, kwa salio. Kama ningekuwa mimi ningeanza na benki.

Barua usiifute, na ujumbe wa huyo mteja pia. Picha ya skrini haitoshi, maana barua yenyewe ina maelezo yaliyofichika ya njia iliyopita. Ipeleke kama ilivyo kwa phishing@paypal.com. Ile namba ya simu waliyokupa ya kutumia laki nne ipeleke TCRA kwa ujumbe mfupi kwenda 15040 na ufuate maelekezo, maana namba hiyo ni ya hapa nchini na inaweza kufungwa kabla mwingine hajaingia. Na kama uliwahi kuwatumia picha ya kitambulisho, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, inabidi uondoke Chamwino uje mjini. Kama kuna hela imetoka kwenye kadi, nenda tawini siku hiyo hiyo ukajaze fomu ya kupinga muamala, usiishie kwenye simu. Kama laini yako imekata mtandao ghafla na haikubali kurudi, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho, inawezekana mtu ameihamisha. Kama ulipakua programu yoyote waliyokutumia, zima data, lete simu kwa fundi unayemwamini, na wewe ukae pembeni akiishughulikia. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, mjomba alishatuma laki nne wakati wewe unaniandikia, apige 100 dakika hii aeleze, kwa sababu muamala huweza kuzuiwa pale tu hela haijatolewa. Kisha nendeni polisi mkachukue RB, ile namba ya taarifa yenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayagusa haya waziwazi, na bila RB benki na mitandao mara nyingi haiwezi kwenda mbali. Baada ya hapo mnaweza kupata ujumbe wa mtu anayesema anarejesha hela zilizoibwa kwa ada ndogo. Mara nyingi ni watu wale wale wamerudi.

Umesema mjomba anaogopa kupoteza mteja. Hofu hiyo naielewa, ilimba tano si mchezo, najua ni mikono mingapi inagusa kila moja kabla haijalia vizuri. Kwa hiyo usigombane naye. Kaeni pamoja mwandike ujumbe mfupi kwa huyo mtu: nimefungua akaunti yangu, hakuna malipo yaliyoingia wala yaliyozuiliwa, sitalipa ada yoyote, ukituma kwa benki yangu mzigo utaondoka siku hela itakapoingia. Mteja wa kweli atauliza namba ya akaunti. Kama si wa kweli atakuja na haraka, au vitisho vya polisi wa kimataifa, au barua nyingine ya PayPal yenye wino mwekundu. Mjomba atasoma mwenyewe, na sidhani kama utahitaji kumweleza zaidi. Ilimba zibaki karakanani hadi mhudumu wa tawi atakapokuonyesha hela kwenye akaunti yako.